Subira si kukunja mikono

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka siku ya mwisho. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, katika maneno ya dini yanayotamkwa kila siku mitaani kwetu, neno "subira" ni miongoni mwa yanayotumika sana na kufahamika kidogo. Mtu akiachishwa kazi anaambiwa asubiri. Mwanamke akipewa talaka anaambiwa asubiri. Mjane akitolewa nyumbani na mashemeji zake kabla hata eda haijakwisha, naye anaambiwa vile vile, "Subiri dada yangu, Mungu yupo." Kisha aliyesema anashika njia yake akiamini amekwisha toa nasaha. Aliyeambiwa anabaki pale pale na mzigo wake, na sasa hana hata nafasi ya kulalamika, kwani akilalamika ataonekana hana imani.

Je, hii ndiyo subira aliyotufundisha Allah (s.w.) katika Kitabu chake? Hili ndilo swali ninalotaka tulitazame leo kwa pamoja, hasa kwa ajili ya wale ambao maisha yao yamebadilika ghafla na hawajui kesho itakuwaje.

Sura ya watu waliobadilikiwa na maisha

Wengi wetu tunazifahamu aya zile zinazoahidi kwamba mwenye kumcha Allah, Yeye humtengenezea njia ya kutokea na humruzuku kupitia mahali asipopatazamia. Tunazisikia kwenye mawaidha, na huenda umeziona zimetundikwa ukutani dukani kwa mtu. Ni aya za matumaini makubwa. Lakini ukimuuliza Muislamu wa kawaida aya hizo zimetoka wapi na zinazungumzia nini, wengi hawana jibu.

Aya hizo ni ya pili na ya tatu katika Suratut-Talaaq, sura ya 65. Naam, sura ya talaka! Ahadi tunayoitundika madukani kwa ajili ya biashara imeteremshwa katikati ya hukumu za mume na mke wanaoachana, yaani katikati ya nyumba inayovunjika.

Ifungue sura hiyo uisome taratibu. Ina aya 12 tu. Aya ya kwanza inawaamrisha waume wakitaka kuacha waache kwa kuzingatia eda, waihesabu eda hiyo sawasawa, na wasiwatoe wanawake hao katika nyumba zao. Mwisho wa aya hiyo hiyo ndipo Allah (s.w.) anapokumbusha kwamba mja hajui, pengine baada ya hayo Mola wake ataleta jambo jipya. Aya ya pili inaamrisha wema katika kurejeana au kuachana, na kuweka mashahidi wawili waadilifu. Hapo ikafuata ahadi ya njia ya kutokea. Aya ya nne inataja eda ya waliokoma hedhi na eda ya wajawazito. Hapo ikafuata ahadi ya kurahisishiwa mambo. Aya ya sita inaamrisha makazi, matumizi na ujira wa mama anayenyonyesha. Aya ya saba inamtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Hapo ikafuata ahadi kwamba baada ya dhiki Allah ataleta faraja.

Umeona mpangilio huo, ndugu yangu? Ahadi haikusimama peke yake. Kila panapotajwa matumaini, pametangulia wajibu. Kuna siku za kuhesabiwa, kuna nyumba ya kukaa, kuna mashahidi, kuna fedha za kutolewa. Allah (s.w.) hakumwambia mwanamke aliyeachwa asubiri kisha akamuacha barabarani. Alimuwekea muda, akamuwekea paa, akamuwekea chakula, ndipo akamwambia awe na matumaini. Anayesoma nusu ya ahadi akaiacha nusu ya wajibu ameigeuza Qur'an kuwa kibwagizo.

Katika aya ya tatu ya sura hiyo imeelezwa pia kwamba Allah amekiwekea kila kitu kipimo chake. Hii ni faraja kubwa kwa aliye katika mpito. Eda ina mwisho. Ya aliyefiwa na mume, asiyekuwa mjamzito, ni miezi minne na siku kumi (Qur'an 2:234), haizidi. Mjane analia, anajizuia na mapambo, anakaa nyumbani. Kisha siku inafika anatoka, anaoga, anavaa, na aya ile ile inaeleza kuwa hapana lawama juu ya atakayoyafanya kwa nafsi yake kwa njia ya sheria. Uislamu haukumtaka azikwe pamoja na mumewe. Ulimpa huzuni yake haki yake, kisha ukamfungulia mlango.

Ummu Salama (r.a.)

Tukitafuta mtu aliyeyaishi mafundisho haya, sioni mfano ulio karibu zaidi na hali zetu kuliko mama yetu Ummu Salama (r.a.). Jina lake ni Hind bint Abi Umayya, wa ukoo wa Makhzum katika Maquraishi. Yeye na mumewe Abu Salama (r.a.) walikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo na walihama pamoja kwenda Uhabeshi.

Walipotaka kuhama tena kutoka Makka kwenda Madina, jamaa zake Ummu Salama walimzuia asiondoke na mumewe. Jamaa za mume nao wakakasirika, wakamvutavuta mtoto wao Salama mpaka mkono wake ukateguka, wakamchukua. Abu Salama akaenda Madina peke yake. Kwa hiyo kwa muda mfupi mwanamke huyu akawa hana mume wala mtoto, na bado yupo katika mji uleule. Wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba kila asubuhi alikuwa akitoka mpaka mahali paitwapo Abtah, akikaa analia hadi jioni, na akaendelea hivyo mwaka mzima au karibu na mwaka.

Hakuna aliyesema Ummu Salama hakuwa na subira kwa sababu alilia. Machozi hayapingani na subira. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilia alipofariki mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 Hijria, akabainisha kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Basi tuache tabia ya kuwanyamazisha wafiwa.

Je, ni nini kilichoufungua mlango wa Ummu Salama? Siku moja alipita mtu katika jamaa zake akamuona katika hali ile. Mtu yule hakumwendea Ummu Salama akamwambia asubiri. Aliwaendea wale waliomzuia, akawaambia wamwache masikini huyu waliyemtenganisha na mumewe na mwanawe. Wakamruhusu. Jamaa za mume nao wakamrudishia mtoto. Akapanda ngamia wake na mwanawe mapajani, akaondoka peke yake kuelekea Madina, hata alipofika Tan'im akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa bado Muislamu, naye akamsindikiza kwa heshima kubwa mpaka Quba.

Ndugu zangu, tulizingatie tukio hili. Faraja ya Allah ilikuja kupitia mdomo wa mtu aliyeamua kusema na wenye nguvu, na kupitia mikono ya mtu ambaye hata dini yao haikuwa moja. Ni kweli faraja ni ya Allah peke yake, lakini huipitisha kwa waja, na huenda safari hii mja anayetakiwa ni mimi au wewe.

Badala iliyo bora

Haikuchukua miaka mingi, Abu Salama akajeruhiwa katika vita vya Uhud. Jeraha lilionekana kupona, kisha likafumuka tena na akafariki mwaka wa 4 Hijria. Ummu Salama akabaki mjane mgenini akiwa na watoto wadogo.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba alikuwa amekwisha kumsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa Muislamu akifikwa na msiba aseme "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun", kisha amuombe Allah amlipe kwa msiba wake na ampe badala iliyo bora kuliko alichokipoteza. Ummu Salama anasimulia kwamba alipofiwa alijiuliza, ni Muislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama? Lakini pamoja na swali hilo moyoni, aliiomba dua hiyo.

Hapa pana somo kubwa juu ya matumaini. Wengi tunadhani mwenye matumaini ni yule anayeona mbele. Ummu Salama hakuona kitu. Akili yake ilimwambia haiwezekani. Aliomba kwa sababu ameamrishwa, akamwachia Allah namna ya kujibu. Kwa Muislamu matumaini ni kumdhania Allah wema hata pale hesabu zako zinapokataa, na katika hadithi Qudsi tumefundishwa kwamba Allah yupo kwa mja wake kama mja huyo anavyomdhania.

Eda ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) akamposa. Ummu Salama hakukimbilia kukubali. Alitaja udhuru wake waziwazi: kwamba ana wivu, umri wake umekwenda, na ana watoto. Mtume (s.a.w.) akamjibu moja baada ya jingine kwa upole. Wivu atamuombea kwa Allah umuondoke, umri na yeye pia anao, na watoto wake watakuwa katika dhamana yake. Mjane yule akawa Mama wa Waumini.

Na watoto je? Mmoja wao ni Umar bin Abi Salama (r.a.), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Siku moja akila, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, Mtume (s.a.w.) akamfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Hadithi hiyo, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ndiyo adabu ya kula ambayo watoto wa madrasa zetu wanaihifadhi kabla hawajajua kuandika vizuri. Chanzo chake ni yatima aliyekalishwa kwenye sahani ya watu na kufundishwa. Nani angejua, siku ile Abu Salama anazikwa, kwamba mwanawe atakuwa mwalimu wa watoto wa Kiislamu dunia nzima?

Miaka miwili baada ya hapo, katika Dhul-Qa'da mwaka wa 6 Hijria, Waislamu wapatao 1,400 walizuiwa Hudaybiya wasiingie Makka kufanya Umra. Walihuzunika mno. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe, asinyanyuke hata mmoja, naye akaamrisha mara tatu. Akaingia kwa Ummu Salama akamweleza. Yeye akamshauri atoke bila kumsemesha mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo, na masahaba wote wakainuka wakafanya. Mwanamke aliyejua maana ya kuzuiwa njia ya kwenda anakotaka ndiye aliyejua namna ya kuwainua watu waliozuiwa. Yaliyompata hayakupotea bure.

Tusijitafutie nuksi

Hapo hapo Hudaybiya kuna jambo jingine la kutufaa. Mjumbe wa Maquraishi aliyekuja kufanya mapatano alikuwa ni Suhayl bin Amr, na jina Suhayl linatokana na wepesi. Mtume (s.a.w.) alipomuona akafurahi, akawaambia masahaba kwamba mambo yao yamekuwa mepesi. Ndivyo alivyokuwa: alipenda neno jema na bashiri njema, na alichukia kutabiri mabaya.

Sisi tunafanya kinyume. Biashara ikianguka tunasema "nina mkosi". Binti akichelewa kuolewa tunasema ana nuksi au amefungwa nyota. Mtu akihamishwa kazini wiki mbili baada ya kujenga, anaambiwa kiwanja kina kisirani. Kutoka hapo safari ya kwenda kwa mganga haiwi mbali. Mtume (s.a.w.) ameonya katika hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Swala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Mtu alipoteza kazi, sasa anapoteza na Swala! Mabadiliko ya maisha ni mtihani, lakini mganga ni hasara juu ya mtihani.

Subira inayotembea

Mfano wa mwisho ni Nabii Ya'qub (a.s.). Katika Suratu Yusuf yeye ndiye aliyetamka maneno ya "subira njema", tena mara mbili (12:18 na 12:83). Pamoja na hayo alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe (12:84), na mashitaka yake akayapeleka kwa Allah (12:86). Je, aliishia hapo? La. Katika aya ya 87 anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Mzee haoni, miaka imepita, bado anatuma watu wakatafute. Subira yake ilikuwa na miguu.

Kwa hiyo kijana uliyemaliza chuo na barua zako za maombi hazijibiwi, subira yako ni kuendelea kuandika barua ya kumi na moja huku ukishika kazi ya halali iliyo karibu, hata kama si ya cheti chako. Dada uliyeachwa, subira yako ni kuhesabu eda yako, kudai matumizi yako na ya wanao bila haya, na kutopeleka siri za nyumba iliyovunjika barazani. Mama mjane, subira yako ni pamoja na kuijua mirathi yako: thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha (Qur'an 4:12). Kudai fungu ambalo Allah mwenyewe amelitaja kwa hesabu si kukosa subira. Mzee uliyestaafu, subira yako ni kutafuta mahali ambapo uzoefu wako unahitajika, na misikiti yetu mingi inalia kwa kukosa watu wa kuweka hesabu.

Na sisi tulio pembeni tuna wajibu wetu. Suratul-Asr imewatoa katika hasara wale walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Kuusiana ni kazi ya wawili, na haki imetajwa kabla ya subira. Huwezi kumuusia subira mtu ambaye umenyamaza anapodhulumiwa haki yake.

Nitoe ushahidi wa nililoliona mwenyewe. Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya Corona, shule binafsi niliyokuwa nikisomesha ilisimamisha mishahara, kwani wazazi hawakuwa wakilipa ada. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Nilipata nasaha nyingi za kusubiri, Allah awalipe wote walionipa. Lakini mzee mmoja wa msikitini kwetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuninasihi kitu. Baada ya Swala ya Alfajiri alinishika mkono akasema, "Mwalimu, daftari zangu za madeni zimevurugika. Njoo saa tatu unipangie." Nilimpangia kwa miezi mitatu, akanilipa kila Ijumaa kabla ya Swala. Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, na kila ninaposomesha wanafunzi wangu sura ile ya 65 namkumbuka yeye. Alikuwa amesoma nusu zote mbili.

Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kufa shahidi Ja'far bin Abi Talib (r.a.) huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, aliagiza jamaa za Ja'far watengenezewe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi leo, katika misiba yetu mingi, mfiwa ndiye anayekopa mchele wa kutulisha, kisha tukishiba tunamuaga kwa kumwambia asubiri. Hili tulitazame upya.

Basi ndugu Muislamu, wiki hii ukikutana na aliyebadilikiwa na maisha, kabla hujatamka neno "subiri" jiulize kwanza: nyumba anayo? Matumizi anayo? Kuna mtu wa kuzungumza naye kwa niaba yake? Ukiweza kumtimizia moja katika hayo, litimize, kisha muusie subira; neno lako litakuwa na uzito. Na wewe uliye ndani ya mtihani, hesabu siku zako, shika Swala yako, fanya lililo mkononi mwako leo, na iombe ile dua ya Ummu Salama hata kama akili yako haioni badala itatoka wapi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape faraja wote waliofikwa na misiba, atufanye kuwa sababu ya faraja hiyo, na atujaalie badala iliyo bora katika kila tulichokipoteza. Amin.

Wabillahi tawfiq.